Kujikweza: heshima ya kujipa mwenyewe

Mwanafunzi wa Nduguti, wilayani Mkalama, akilikuta neno "pompous" katika kitabu cha Kiingereza na kuuliza maana yake, mara nyingi atajibiwa: "mwenye kiburi". Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayolitenga neno hili na mengine, na Kiswahili kina uwezo wa kuieleza.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno "pompe", yaani kutuma au kusindikiza, na likatumika pia kwa msafara wa heshima. Warumi wakalichukua, likapitia kwa Wafaransa, likaingia katika Kiingereza karne ya 14 na kuwa "pompous". Hapo mwanzo lingeweza kusifu kitu chenye fahari. Baadaye likawa lawama: mtu anatembea kana kwamba anasindikizwa na msafara, kumbe yuko peke yake.

Neno hilo basi linakusanya mambo matatu: kujiona mkubwa, kuuonyesha ukubwa huo, na kuuonyesha kwa uso mzito usio na tabasamu. Tupime maneno yetu kwa kipimo hicho. Kiburi hukaa moyoni. Mwenye nacho anaweza kunyamaza tu asiitikie salamu. Maringo yana furaha ndani yake, kama ya anayeringia nguo mpya ya sikukuu. Mbwembwe ni za nje. Mshereheshaji huwa nazo tele bila kujiona bora kuliko wageni. Majigambo ni ya mdomo, na katika fasihi simulizi ni utanzu halali ambamo shujaa hujisifu hadharani kwa matendo yake. Linalokaribia zaidi ni kujikweza.

Uzito wa neno hilo umo katika silabi moja: "ji". Kumsifu mtu, kumtukuza au kumkweza ni kumheshimu. Tia "ji", upate kujisifu, kujitukuza na kujikweza, na heshima inageuka aibu. Si kwamba "ji" ni mbaya, maana tunasifu kujitolea, kujituma na kujitegemea. Tofauti iko katika kile mtu anachojitwika. Anayejitwika mzigo husifiwa. Anayejitwika heshima hulaumiwa, kwa sababu heshima hupewa.

Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuimega Iramba. Penye makao makuu hapakosi mikutano wala wageni rasmi. Mshereheshaji akitaja vyeo vya mgeni rasmi, hiyo ni itifaki. Mgeni akishika kipaza sauti na kuvirudia mwenyewe kimoja baada ya kingine, huko ni kujikweza. Lugha yetu haijawahi kuifumbia macho tabia hii: baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa wa magari ya Mercedes-Benz "wabenzi", kama vile ni kabila.

Mfano wa kinyume cha kujikweza nao haupo mbali: Wilaya hiyohiyo ya Mkalama ni makazi ya baadhi ya Wahadzabe, wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi. Watafiti walioishi nao, akiwemo Mwingereza James Woodburn, wameeleza kuwa mwindaji aliyempata mnyama mkubwa hatarajiwi kurudi kambini akijitangaza. Huketi kimya pamoja na wenzake. Damu kwenye mshale ndiyo inayosema, na nyama hugawiwa kambi nzima. Wenzake wanaijua kazi aliyoifanya, na hilo linatosha.

Kwa walimu na wafasiri, ushauri wangu ni huu: neno "pompous" likimhusu mtu, andikeni "mwenye kujikweza", likihusu hotuba au barua, andikeni "iliyojaa maneno makubwa ya kujikweza". "Kiburi" tukiache pale ambapo ubaya umefichika moyoni. Na nje ya darasa, kila mmoja wetu awaachie wengine kazi ya kuutaja ukubwa wake.