Uhuru wa Kuingia Sokoni Katika Viwanda Vinavyotegemeana: Mfano wa Pamba

Watahiniwa wengi huandika kwamba kampuni zikiongezeka sokoni ustawi wa jamii huongezeka, kisha wakafunga jibu. Hapo ndipo alama hupotea. Kampuni huingia sokoni kwa kuangalia faida yake yenyewe, na sehemu ya faida hiyo huenda imechukuliwa tu kutoka kwa kampuni iliyotangulia.

Fikiria pamba ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Mkulima huuza pamba mbegu. Mwenye kiwanda huichambua na kuuza nyuzi kwa bei ya soko la dunia. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa vyama vya ushirika na bodi hadi sheria ya mwaka 1994 ilipofungua soko, wafanyabiashara binafsi wakaingia kwa wingi.

Tutumie tarakimu za kubuni. Mavuno ni tani 1,000. Kila tani ina thamani ya sh. 1,000,000 baada ya kutoa gharama za kuichambua, na kila kiwanda kina gharama zisizobadilika za sh. milioni 100 kwa msimu. Kiwanda kikiwa kimoja, humlipa mkulima sh. 500,000 kwa tani na kupata faida ya milioni 400. Cha pili kikiingia, vinagombea pamba ileile. Bei inapanda hadi 700,000 na kila kiwanda kinabaki na faida ya milioni 50. Wakulima wameongezewa milioni 200, kiwanda cha kwanza kimepoteza 350. Jumlisha:

200 + 50 − 350 = −100

Hiyo milioni 100 ni gharama ya mashine za pili, zinazochambua pamba ambayo za kwanza zingeimaliza.

Je, tuzuie? Usikimbilie huko. Bei nzuri humfanya mkulima alime zaidi. Mavuno yakiongezeka kwa tani 300, na kila tani ikigharimu sh. 400,000 kuilima, thamani mpya ni 300 × 600,000 = milioni 180, inayozidi hasara ile. Angalia kwamba nusu yake humwendea mkulima. Mwekezaji haihesabu, na ndiyo maana mahali pengine wanaoingia huwa wachache kuliko inavyofaa.

Mtahini akitaja Tanzania, ongeza pembejeo. Mkulima aliyekopeshwa dawa na mnunuzi mmoja aliweza kumuuzia mwingine, hivyo mikopo ikakauka. Haraka ya kununua nayo ilishusha ubora wa pamba, jambo ambalo hesabu yetu ya juu haikuligusa.