Watoto waliozaliwa mbele ya wakati: kusahau kwao shuleni si uvivu

Mtoto wa miaka 8 anatumwa dukani kununua chumvi, sabuni na kiberiti. Anarudi na chumvi peke yake. Anaongea vizuri na kusoma anasoma, lakini ujumbe wa mwalimu haufiki nyumbani na daftari linabaki njiani. Wazazi wanamgombeza, wakubwa wake wanamcheka. Ikiwa mtoto wa namna hiyo alizaliwa mimba ikiwa na miezi 6 au 7, kabla ya kumwita mzembe ni vema kujua kilichotokea ndani ya ubongo wake.

Mimba kamili hufika karibu majuma 40. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kama prematire kila mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37. Wanaozaliwa kabla ya majuma 32 ndio wako katika hatari kubwa zaidi. Kwa mwaka 2020, watoto karibu milioni 13,4 walizaliwa mbele ya wakati duniani, yaani karibu mmoja kati ya kumi.

Miezi mitatu ya mwisho tumboni ndiyo miezi ambayo ubongo unakua kwa kasi kubwa. Juu yake, palipokuwa laini, panaanza kujikunja mikunjo. Hata kwenye majuma 34, ubongo wa mtoto una uzito wa karibu theluthi mbili tu ya ule wa mtoto aliyetimiza wakati. Aliyezaliwa kwenye majuma 28 anaifanya kazi hiyo yote nje: kwenye mwanga, makelele na sindano, huku mapafu yake machanga yakishindwa mara nyingine kumpa hewa ya kutosha.

Hapo ndipo kumbukumbu inaguswa. Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto na wa kuume, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampi. Kazi yake mojawapo ni kuandikisha mambo mapya: nani amesema nini, kitu kimewekwa wapi. Sehemu hiyo huumia upesi hewa ya oksijeni ikipungua.

Mwaka 2000, watafiti wa London wakiongozwa na Elizabeth Isaacs walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya vijana waliozaliwa kwenye majuma 30 au chini. Akili yao ya jumla ilikuwa ya kawaida. Lakini walipopimwa kwa mambo ya kila siku, kama kukumbuka jina la mtu, njia ya kupita au ujumbe wa kupeleka, walibaki nyuma ya wenzao, na hipokampi zao zilikuwa ndogo zaidi pande zote mbili. Mwaka 2008, watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba alama hiyo huonekana mapema sana: watoto ambao hipokampi zao zilikuwa ndogo kwenye tarehe waliyopaswa kuzaliwa, ndio waliopata shida zaidi ya kukumbuka mahali kitu kilipofichwa walipofikisha miaka 2.

Hii si hukumu. Wengi wao husoma bila shida, na matunzo ya siku za kwanza yana uzito mkubwa.

Mwaka 1978, munganga Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, alikuwa na kuveze chache na watoto wengi. Akaanza kuwafunga kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaroo. Baadhi ya watoto waliotunzwa hivyo mjini humo katika miaka ya 1990 walitafutwa tena walipofikisha miaka 20. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba hawakuwa wakikosa shule kama wenzao waliotunzwa kwa kuveze, na sehemu fulani za ubongo wao zilikuwa kubwa zaidi. Na mwaka 2021, utafiti wa OMS katika nchi tano, zikiwemo Tanzania na Malawi, ulionyesha kwamba kuanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa robo, hata kwa mtoto wa kilo moja tu. Kuveze bila umeme ni sanduku. Kifua cha mama, au cha baba, hakizimiki.

Baada ya kutoka hospitalini, kazi inabaki kwa nyumba. Kwenye CPS, pale watoto wanapopimwa kilo, mama aseme mtoto alizaliwa majuma mangapi. Hadi miaka 2, umri wake uhesabiwe kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa: mtoto wa miezi 10 aliyewahi kwa miezi 3 asilinganishwe na wa jirani, bali na mtoto wa miezi 7. Macho na masikio pia yapimwe, kwa sababu asiyesikia vizuri huonekana kama anayesahau.

Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu naye aambiwe. Anaweza kumkalisha mbele, kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, na kumwomba alirudilie kwa sauti kabla ya kuanza. Nyumbani vilevile: atumwe chumvi kwanza, akirudi ndipo atumwe sabuni. Akizoea, apewe vitu viwili.