Mkanda wa babu ukipatikana, usikimbilie kuucheza

Ukifungua sanduku la zamani la familia huko Iramba, Mkalama au Singida mjini, unaweza kukuta mkanda mwembamba wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki, kubwa kama sahani. Si kaseti. Ni mkanda wa rili, wa aina ileile iliyotumiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi bendi zetu za zamani.

Ndani yake huenda yumo babu akisimulia ukoo kwa Kinyaturu au Kinyiramba, kwa maneno ambayo wajukuu waliokulia mjini hawayasikii tena. Hapo ndipo haraka inapoponza. Mtu anaazima mashine iliyolala stoo miaka 30, anaweka mkanda, na mashine inautafuna.

UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, wametahadharisha kwamba mashine nzima za kuchezea mikanda hii, vipuri na mafundi wake vinazidi kuadimika. Kwa hiyo mzazi anayetafuta mashine asidanganywe na mng'ao wa nje.

Kwanza ni kasi. Mikanda mingi ya nyumbani ilirekodiwa kwa sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde. Ya studio mara nyingi ni 19 au 38. Mashine isiyo na kasi ya mkanda wenu haiwafai, hata ikiwa Studer au Revox.

Pili ni njia za sauti. Mikanda mingine ilirekodiwa upande mmoja, kisha ikageuzwa na kurekodiwa upande wa pili. Ukiucheza kwenye mashine yenye kichwa kinachosoma upana wote, mtamsikia babu akisimulia huku sauti nyingine ikienda kinyumenyume. Muulizeni fundi kichwa hicho kinasoma njia ngapi.

Tatu, na hili huwaponyoka wengi, ni umeme. Mashine ya Marekani hutaka volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230, hezi 50. Transfoma hurekebisha volti tu. Kuna mota zinazofuata hezi, na kwa umeme wetu zitazunguka polepole, babu asikike kama anaongea ndani ya pipa. Ni heri mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya.

Ikishapatikana, fundi asafishe vichwa na njia ya mkanda, aangalie mikanda ya mpira na breki, kisha aijaribu kwa mkanda usio na thamani. Siyo wa babu.

Mkanda nao unuseni. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki yake inaoza, na huo ndio wa kuwahiwa kwanza. Ukinata au kulia unapozunguka, simamisheni mashine hapo hapo na mtafute mtaalamu.

Sauti iingizwe kwenye kompyuta kwa faili la WAV, biti 24 na kilohezi 96, si MP3 peke yake. MP3 itoshe kwa kundi la WhatsApp la ukoo. Nakala moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mkoa mwingine.

Mkanda wenyewe msiutupe. Uwekeni wima ndani ya boksi lake, mbali na vumbi, spika na joto la bati. Na bibi, kama yupo, aketishwe na wajukuu wasikilize pamoja, mmoja akiandika majina ya wanaosikika.