Acheni kuomba mulika mwizi

Katika kila kikao cha wafanyabiashara wa katikati mwa Nairobi hakosekani mtu anayevumilia mpaka nimalize kuzungumza, kisha anasimama: "Mtaalamu, hayo tumesikia. Sisi huku mulika mwizi tutaletewa lini?" Makofi yanapigwa kabla sijafungua mdomo. Swali hili nimeulizwa na wauza spea wa Kirinyaga Road, wauza redio na simu wa Luthuli Avenue, wenye malojing'i ya River Road, na juzi mwakilishi wadi aliyekuwa ameshaahidi mbili kabla ya kunipigia simu kuuliza zitasimama wapi. Nimechoka kulijibu kwa upole. Wacha nilijibu kwa maandishi, tukikutana tena tuongee mengine.

Mnaomba taa isiyofaa mahali penu. Sisemi taa hazisaidii, na tafadhali mwenye kikao asinukuu hivyo. Nasema mulika mwizi, ule mlingoti wa mita 20 au 30 wenye taa kali kileleni ulibuniwa kwa ajili ya uwanja mtupu: bandari ya makontena, maegesho ya malori, makutano makubwa ya barabara kuu. Katika mitaa ya mabanda ulipelekwa kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimamisha nguzo nyingi, na kwa sababu kiongozi akiuwasha unaonekana mpaka wadi jirani. Sababu ya kwanza ina mantiki. Ya pili ni kampeni. Hakuna hata moja inayohusu barabara nyembamba iliyobanwa na majengo ya ghorofa sita pande zote mbili.

Tembea River Road saa mbili usiku uangalie juu. Majengo mengi ya zamani yana kibaraza cha zege kilichotokeza juu ya njia ya miguu, ambacho mchana hutukinga jua na Aprili hutukinga mvua. Mwanga unaoshuka kutoka mita 30 unatua juu ya kibaraza hicho na kuwaangazia njiwa. Wewe unapita chini yake, kivulini, pamoja na yule anayekufuata. Kinachosalia kinazuiwa na matatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu, mabango ya zahanati na nguo zilizotundikwa. Wapangaji wa ghorofa ya nne ndio wanaokosa usingizi, na hao hawakuwa na hofu ya kuporwa.

Halafu kuna umbali, ambao hauombwi wala hauhongwi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ileile ukiipandisha kutoka mita 5 hadi mita 30, umeiongezea umbali mara 6, na mwanga unaofika chini unapungua mara 36. Ndiyo maana mlingoti hulazimika kubeba taa kali kupita kiasi: unajaribu kufidia urefu wake wenyewe. Ni sawa na kumwagilia kitanda cha sukumawiki kutoka ghorofa ya kumi, kisha kulalamika kwamba maji hayatoshi.

Nanyi mnaposema "pawe na mwangaza" mnamaanisha ardhi, kumbe anayetembea usiku hahitaji kuona lami. Anahitaji kuona uso. Wataalamu wa taa hutumia vipimo viwili vya umbali: ukiwa mita 4 kutoka kwa mtu ni lazima uweze kuusoma uso wake, kwa kuwa hapo bado unaweza kukwepa, na ukiweza kuusoma kutoka mita 10, unavuka barabara mapema bila kumtia mtu aibu. Uso huangazwa na mwanga unaoingia kwa ubavu, kutoka taa iliyo chini na karibu. Mwanga wa utosini unaangaza kofia. Mtu mwenye kepu akisimama chini ya mulika mwizi ana kilele cha kofia kinachong'aa na shimo jeusi mahali pa uso. Mwulize ofisa wa polisi yeyote anayeandika taarifa za walioporwa stejini, naye atakusomea: "Sikumwona vizuri, alikuwa na kofia." Na kama taa zenyewe ni zile za zamani za rangi ya chungwa, hata rangi ya jaketi ni ya kubahatisha, maana chini yake buluu na nyeusi hufanana.

Sasa tufike kwenye kosa kubwa kuliko yote, na hapa naomba mwenye duka asome polepole. Jicho halibadiliki papo hapo. Ukisimama kwenye mwanga mkali likazoea, kisha ukaingia gizani, linahitaji dakika kadhaa kabla halijaanza kuona vya kutosha; kuzoea giza kikamilifu huchukua hata nusu saa. Chora basi picha hii. Steji inang'aa kwa mlingoti mmoja. Mita 40 kutoka hapo pana kichochoro ambacho mlingoti haukifikii. Mhudumu wa hoteli ametoka kazini, amepita stejini, anakata kupitia kichochoroni kufuata gari la upande wa pili. Anapoingia ni kipofu. Mpiga ngeta aliyesimama mle kwa dakika ishirini anamwona kuanzia viatu mpaka mkoba, tena na mwanga nyuma yake. Taa mliyoiomba imemwonyesha mwizi mteja wake. Na mwenye miaka hamsini na kwenda juu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mng'ao hulitesa jicho linalozeeka kuliko la kijana.

Mnaniambia, weka basi mlingoti wa pili, wa kichochoroni. Hapana. Kinachohatarisha si uchache wa mwanga peke yake. Ni mruko kutoka mwanga mwingi kwenda giza totoro. Mbalamwezi kamili haifiki hata laksi moja ya kipimo cha mwanga, na mababu zetu walitembea nayo bila kujikwaa, kwa sababu imetandazwa sawasawa kila mahali. Laksi 10 zilizotandazwa vizuri mtaa mzima zinamfaa mtembeaji kuliko 80 mahali pamoja na sifuri panapofuata.

Anayetaka kuona taa nzuri Nairobi asitazame juu. Amtafute muuza smokie na mayai ya kuchemsha. Mkokoteni wake una balbu moja ndogo ya betri, imening'inizwa usawa wa kifua, juu kidogo ya bakuli la kachumbari. Haifiki wati 10. Lakini simama hatua kumi kutoka hapo uone: nyuso zote za wateja zinasomeka, mikono inaonekana, aliyeegemea ukutani nyuma yao anaonekana. Na yupo mtu mwenye sababu ya kukaa hapo mpaka saa nne akiwatazama wapita njia, maana ndio riziki yake. Kaunti ikimfukuza kwa jina la usalama, askari wake wa kanjo wanaondoka na taa na macho kwa mpigo mmoja.

Nimeshaletewa hoja ya New York mara nyingi, naomba tuimalize. Mwaka 2016 jiji lile liliweka minara ya taa ya kuhamishika kwenye mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakakuta uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Ni utafiti mzuri, naukubali. Ila ule ulikuwa ua wa nyumba za watu, ambako kila dirisha lina mkazi nyuma yake. Nendeni sasa Chicago, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 jiji liliongeza nguvu ya taa za vichochoroni kutoka wati 90 hadi wati 250. Katika eneo lililochunguzwa, matukio yaliyoripotiwa yaliongezeka kwa asilimia 21. Huenda sehemu ya ongezeko hilo ni kwamba watu waliona zaidi na wakaripoti zaidi. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusimama na kusema taa zimefukuza wezi. Nako Uingereza na Wales, utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha halmashauri 62 zilizozima au kufifiza taa za barabarani ili kubana matumizi haukupata ushahidi kwamba uhalifu umepanda. Ukiziweka pamoja tafiti hizi tatu, utaona haziwezi kupatana kama unaamini taa ndiyo askari. Zinapatana mara moja ukiuliza swali jingine: ikiwaka, nani yupo wa kuona? Uani mwa nyumba za watu yupo. Nyuma ya maghala hayupo.

Kamera ni hivyohivyo, kwa hiyo sitarefusha. Mwaka 2014, baada ya shambulio la Westgate, serikali iliipa Safaricom kazi ya kufunga mtandao wa mawasiliano ya polisi na kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Kamera husaidia sana kutafuta aliyekwisha kukuibia. Simu yako imeshafika sokoni.

Bado sijagusa matengenezo, na huko ndiko nakasirika kikweli. Taa 40 ndogo zikiharibika mbili, mtaa una taa 38. Mlingoti ukiharibika, mtaa hauna taa. Unaharibikaje? Fungua kisanduku kilicho chini ya shina lake. Mara nyingi hutahitaji ufunguo, mlango unaning'inia kwa bawaba moja. Ndani utakuta waya uliounganishwa na kufungwa kwa karatasi ya nailoni, unaoelekea kwenye kibanda cha kuchaji simu. Mvua ya kwanza ikinyesha, swichi inakatika. Kuifikia taa ya juu kunataka winchi inayofanya kazi au gari lenye mkono mrefu, na gari hilo lina foleni yake. Wiki zinapita. Wakati huohuo watu wameshajenga mazoea ya kupita hapo usiku wakiamini kuna mwanga.

Hesabu ya stima nayo ifanyeni wenyewe. Chukua mlingoti wenye taa 8 za LED za wati 200, ambao ni wa kiasi tu. Jumla wati 1,600. Umeme huohuo unawasha taa 40 za wati 40. Zikipachikwa kila baada ya mita 20, zinafunika mita 800 za njia ya miguu. Kwa hizo unaweza kuangaza mtaa na vichochoro vyake vinne, na kila mlango wa duka ukapata haki yake.

Basi ombeni nini? Nitasema haraka, maana haya hayana ugumu wowote isipokuwa kwamba hayakatiwi utepe.

Taa ziwe za mita 4 hadi 6, zipachikwe kwenye kuta za majengo yenu. Nguzo mpya zitakula njia ya miguu, na nyaya za ardhini zitachimbwa zikauzwe. Chini ya vibaraza, taa ifungwe darini mwa kibaraza chenyewe. Ziwe na kofia ya kuelekeza mwanga chini na mbele. Taa inayoonekana kama nyota kutoka mbali inakupofusha. Rangi iwe nyeupe yenye joto kidogo. Kuta za vichochoroni zipakwe chokaa au rangi nyeupe: ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza mwanga, na hamhitaji kibali cha bajeti kununua debe la rangi. Milango ya chuma ya maduka iwe ya matundu, na balbu moja ya ndani iachwe inawaka. Mtaa uliofungwa bapa saa kumi na mbili jioni ni mtaa uliokabidhiwa wezi. Ua wa miti kwenye bustani na vituo ukatwe mpaka usawa wa goti, na matawi ya miti yainuliwe zaidi ya kichwa cha mtu. Bryant Park ya New York ilifungwa mwaka 1988 ikiwa pango la wauza dawa za kulevya, ikarudi mwaka 1992, na sehemu kubwa ya tiba ilikuwa kung'oa vichaka vilivyoificha na kuweka viti. Steji ya usiku ihamishiwe mbele ya hoteli au duka la dawa linalochelewa kufunga. Wachuuzi, wang'arisha viatu na wauza chai wapewe sehemu zilizopigwa chapa, zenye plagi na ada ndogo, mpaka saa nne. Wawekwe kwenye midomo ya vichochoro, si katikati ya njia. Vyoo vya umma visifungwe jioni. Mifuniko ya mitaro irudishwe, kwa sababu anayekimbia huanguka. Pale Luthuli Avenue, ambako mwaka 2019 kaunti na UN-Habitat walifanya barabara iwe ya kuelekea upande mmoja na kupanua njia za miguu, mtembeaji alipata nafasi ya kukwepa mtu bila kuingia barabarani, na hilo nalo ni usalama.

Kabla ya kununua hata balbu moja, tembeeni mtaani usiku pamoja na wanawake wanaofunga kazi saa tatu: wahudumu wa hoteli, wauguzi, wasafishaji wa ofisi. Shirika la METRAC la Toronto lilianzisha matembezi ya namna hii mwaka 1989, na hayagharimu zaidi ya karatasi na kalamu. Wao ndio wanaojua kona ipi hukimbiwa na ipi hupitwa kwa kushikana mikono.

Kila taa ipigwe namba inayosomeka kutoka chini, na namba ya simu ya fundi kando yake, fundi mwenye mkataba wa kurekebisha ndani ya saa 48 na anayekatwa malipo akichelewa. Kwenye kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, mstari wa matengenezo uombeni kabla ya mstari wa ununuzi. Mkiulizwa kama sola itafaa, jibuni kwamba itafaa kama betri imo ndani ya kichwa cha taa na si kwenye kisanduku kilicho chini, ambako itadumu wiki mbili.