Kutafuta Kumbukumbu za Vizazi na Vifo: Mfano wa Lubumbashi na Maeneo ya Katanga

0. Utangulizi

Hati ya kuzaliwa na hati ya kifo ni miongoni mwa maandishi mafupi kabisa yanayoandikwa juu ya maisha ya binadamu. Hata hivyo, ndizo zinazomfungulia mtoto mlango wa shule, na ndizo zinazowawezesha mjane na mayatima kudai mirathi yao mbele ya hakimu. Katika Kongo uzito wake umezidi, kwa kuwa sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inamhesabu kuwa Mkongo wa asili mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake viliunda nchi ya Kongo wakati wa uhuru. Kwa hiyo, kumbukumbu ya babu yaweza kuamua haki ya mjukuu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kumbukumbu hizo zinavyotafutwa, hasa zile za Lubumbashi na miji jirani ya migodi. Hoja yake ni moja: anayetafuta kwa kutumia jina peke yake aghalabu hurudi mikono mitupu. Sharti aanze kwa kujua ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuandika, mahali gani na wakati gani. Jina lifuate baadaye.

1. Nani aliandika?

Sheria ya kwanza iliyohusu jambo hili ni dekreti ya tarehe 4 Mei 1895, iliyotolewa wakati wa Dola Huru ya Kongo. Madaftari yaliyowekwa kwa mujibu wa dekreti hiyo yaliwahusu hasa Wazungu, pamoja na Waafrika wachache waliopewa hadhi ya pekee kisheria. Waafrika walio wengi waliandikwa kwa njia nyingine. Kijijini waliorodheshwa katika sensa za utawala, na mjini walipewa vitabu vya utambulisho. Shabaha ya maandishi hayo ilikuwa kodi, kazi na udhibiti wa safari za watu; haikuwa kumpatia mtoto ushahidi wa kuzaliwa kwake.

Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 ilianzisha vituo vya wenyeji vilivyo nje ya mamlaka ya kimila, na Élisabethville ikapata kituo chake. Mwaka 1957 miji mikubwa iligawanywa katika komini, na baadhi ya komini hizo, kama Katuba, Kenya na Kamalondo, zingaliko leo. Mipaka hii ya utawala ina maana kubwa kwa mtafutaji. Mtu aliyezaliwa mwaka 1935 hakuandikwa na komini, kwa sababu komini haikuwapo. Pengine ameandikwa katika karatasi za kituo, za kampuni au za misheni, au hakuandikwa popote.

Mfumo mmoja kwa raia wote uliwekwa na Sheria ya Familia namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa mujibu wa sheria zinazotumika sasa, kuzaliwa kwa mtoto hutangazwa kwa afisa wa hali ya kiraia katika muda wa siku 90. Kuwapo kwa sheria, hata hivyo, si sawa na kutekelezwa kwake. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2013–2014 ulionyesha kwamba mtoto mmoja tu kati ya wanne walio chini ya umri wa miaka mitano ndiye aliyeandikishwa. Ule wa miaka 2017–2018 ulionyesha watoto 40 kwa kila 100. Basi, ukimya wa daftari haumaanishi kwamba mtu hakuzaliwa mahali pale.

2. Madaftari ya misheni na ya kampuni

Kwa vizazi vya kabla ya uhuru, daftari la ubatizo ndilo kisima kisichokauka upesi. Misheni za kando ya ziwa Tanganyika, kama Mpala, ambayo Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885, ziliandika majina ya waamini mapema sana. Katika Élisabethville kazi hiyo ilifanywa na Wabenedikto kuanzia mwaka 1910.

Daftari la namna hiyo lina faida mbili ambazo wengi hawazijui. Kwanza, sheria za Kanisa Katoliki zinaagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari ya ndoa hiyo iandikwe pia kando ya jina lake katika daftari la parokia alikobatizwa. Kwa hiyo ukingo wa ukurasa waweza kumwonyesha mtafutaji kwamba mtoto aliyebatizwa Kirungu alioa Likasi miaka ishirini baadaye. Pili, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko apeleke kila mwaka nakala ya madaftari yake kwa askofu. Daftari la parokia likiliwa na mchwa au likiteketea, hapo jimboni ndipo pa kuuliza.

Inafaa pia kutahadhari. Tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Mtu mzima aliyebatizwa baada ya mafundisho ya miaka kadhaa alikadiriwa umri kwa macho tu. Isitoshe, majina yalitiwa katika Kilatini: Yosefu huitwa Josephus, Yoane huitwa Joannes, na Louis hugeuka kuwa Aloysius au Ludovicus.

Kisima cha pili ni kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto wao. Ilikuwa na hospitali na shule zake, nayo iligawa chakula kwa kuhesabu watu wa nyumba. Hivyo ililazimika kujua nani kazaliwa na nani kafariki. Faili ya mfanyakazi hufunguliwa kwa namba yake ya kazi kuliko kwa jina lake. Wazee wa kambi husahau mengi, lakini namba ya baba haisahauliki. Mtafutaji aiulize mapema, kabla ya kwenda ofisini.

3. Jina na sura zake nyingi

Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kuchangia kuliko karani. Majina ya Kibantu yaliandikwa na watu wa lugha mbalimbali, kila mmoja akifuata sikio lake. Ngoie, Ngoy na Ngoyi ni jina moja. Vivyo hivyo Kyungu na Kiungu, Mwamba na Muamba, Tshibangu na Cibangu. Sauti za r na l hubadilishana katika Kiswahili cha Katanga, hata Maria akaandikwa Malia. Anayefuata mpangilio wa alfabeti sharti afungue kurasa za T na za C pia kabla ya kusema kwamba jina halimo.

Utaratibu wenyewe wa majina nao ulibadilika. Katika mila nyingi za Katanga mtoto hakuchukua lazima jina la baba yake. Alipewa jina la ndugu aliyetangulia au la hali ya kuzaliwa kwake. Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Mtafutaji akimpata Kabange, na aulize habari za pacha mwenzake, maana mistari yao miwili huenda ikafuatana katika ukurasa ule ule. Baadaye, mwaka 1972, siasa ya uhalisia iliwataka Wazaire waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya asili. Baada ya mwaka 1990 wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa Josephus parokiani, Joseph shuleni, na katika kitambulisho chake cha miaka ya 1970 akawa na majina mawili ya ukoo bila Joseph.

Majina ya mahali hayakusalimika. Élisabethville imekuwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba wakati wa Zaire, likarudishiwa jina lake mwaka 1997, kisha likagawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne. Mtafutaji aandike pembeni jina la mahali kama lilivyokuwa katika mwaka anaoutafuta.

Kuhusu mwaka wenyewe, hati nyingi hutanguliza neno la Kifaransa "vers", yaani takriban. Makadirio hayo hupunguzwa kwa kuwauliza wazee juu ya matukio: je, ilikuwa kabla au baada ya mgomo wa Desemba 1941, ambapo wafanyakazi walipigwa risasi Élisabethville? Mtoto alikuwa anatambaa au anatembea Katanga ilipojitenga Julai 1960? Mama alikuwa na mimba wakati wa vita vya Kolwezi vya mwaka 1978? Kwa maswali kama hayo, miaka kumi ya kupekua hupungua kuwa miwili.

4. Kumbukumbu za vifo

Vifo vimeandikwa kwa uchache kuliko vizazi. Sababu yake yafahamika: mtoto atadaiwa hati siku moja, bali marehemu hadaiwi kitu. Mjini familia hushughulikia kibali cha maziko kwa kuwa bila hicho kaburi halichimbwi. Ikishazika, wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini kibali si hati ya kifo. Jambo hilo hugunduliwa miaka mingi baadaye, nyumba ya marehemu inapogombaniwa. Hapo watafutaji hukimbilia daftari la makaburi, daftari la hospitali, daftari la wafu la parokia, au faili ya pensheni. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye nguvu ya hati yenyewe, ila kila moja laweza kumsaidia hakimu.

5. Wenye hati na walio mbali nazo

Daftari hukaa mahali tukio lilipotokea, mwenyewe huhama. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, wengine wakingoja gari-moshi kwa majuma katika stesheni. Walirudi Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, wakati kumbukumbu za kuzaliwa kwa watoto wao zilibaki Likasi na Kolwezi.

Walio mbali zaidi ni machotara waliotengwa na mama zao na utawala wa Kibelgiji na kuwekwa katika misheni, mara nyingine majina yao yakibadilishwa. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio juu yao mwaka 2018. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi tarehe 4 Aprili 2019, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji ikapewa jukumu la kuchunguza faili zao. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji katika kesi ya wanawake watano wa kundi hilo. Kwao, kupata jina la mama katika karatasi moja si jambo la utawala tu. Ni kupata ukoo.

6. Hati isipopatikana

Nakala huombwa kwanza kwa afisa anayeshika daftari. Asipokuwa nalo, huulizwa ofisi ya karani wa mahakama, kwa kuwa madaftari huandikwa kwa nakala zaidi ya moja. Pasipo hati kabisa, mahakama yaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi yake, ijulikanayo ofisini kwa Kifaransa kama jugement supplétif.

Njia hiyo ni halali na imewaokoa wengi. Walakini, ina hatari yake. Hukumu huandikwa kwa kutegemea maneno ya mwombaji na mashahidi. Ikiwa hati ya kwanza ipo mahali fulani yenye tarehe nyingine au herufi nyingine, mtu hujikuta na vizazi viwili, na mpinzani wake katika mirathi atakuwa wa kwanza kulifichua jambo hilo. Ndiyo maana utafutaji hutangulia hukumu.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba kumbukumbu za vizazi na vifo katika Katanga hazikai katika ghala moja. Zimetawanyika baina ya komini, parokia, kampuni na mahakama, kufuatana na aliyekuwa na mamlaka juu ya watu kwa wakati wake. Mtafutaji akusanye kwanza habari za nyumbani: mahali, tukio lililokaribiana na mwaka, kazi na namba ya baba, dini, majina ya ndugu. Kisha achague daftari, na mwisho alitafute jina katika sura zake zote. Wazee wanaojua mambo hayo wanapungua kila mwaka, na daftari lisilo na mtu wa kulifafanua ni kama kaburi lisilo na alama. Wanafunzi wa Kiswahili na wa historia wanaweza kuanzia majumbani mwao, kwa daftari moja na kalamu.