Seva Zilizovunja Rekodi, na Zile Zinazofika Mkiwa

Ukitoka Manyoni kwenda Singida, Mkiwa ndipo inapochepuka barabara ya Itigi, ile inayokwenda hadi Rungwa na kuteremkia Mbeya. Mzazi aliyesimama kwenye njia panda hiyo, simu mkononi, akitafuta matokeo ya mwanawe au kulipia ankara ya serikali, anahudumiwa na seva iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo, pengine maelfu. Rekodi za seva hizo hutangazwa kwa mbwembwe, na nyingi ni za kweli. Nimezipanga hapa kwa kipimo kimoja: ipi inamfikia mzazi huyo?

Kasi tupu kwanza. Mwaka 2013 kampuni ya TechEmpower ya Marekani ilianza kushindanisha viunzi vya kuandikia programu za wavuti, vyote juu ya mashine zilezile. Katika shindano jepesi kuliko yote, seva hutakiwa kurudisha salamu fupi ya maneno mawili tu, na ASP.NET Core ya Microsoft ilifikisha majibu milioni 7 kwa sekunde. Kilichogota hapo ni waya: mtandao wa gigabiti 10 uliounganisha mashine ulikuwa umejaa. Ni uhandisi wa kuheshimiwa, ila hakuna ofisi inayohitaji ukurasa wa namna hiyo.

Shindano ninaloliamini huitwa Fortunes. Seva husoma orodha ya sentensi kutoka hifadhidata, huongeza moja, huzipanga kwa alfabeti, huondoa hatari ya herufi zinazoweza kupenyeza msimbo wa mhalifu, kisha hutengeneza ukurasa kamili. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya tovuti hai. Kwenye mashine zilezile, walioongoza walishuka kutoka mamilioni hadi malaki, na viunzi wanavyovitumia vijana wengi wa hapa kwetu, kama Laravel na Django, hukaa mbali nyuma yao. Wako wanaoviacha kwa sababu hiyo, nami naona wanakosea hesabu. Kiunzi kinachotoa kurasa 10,000 kwa sekunde kinaweza kuhudumia maombi 600,000 ndani ya dakika moja. Mfumo wa umma ukilemaa mapema kuliko hapo, chunguza hifadhidata kwanza: mara nyingi utakuta jedwali kubwa lisilo na faharasa, au ukurasa mmoja unaoiuliza maswali 200 pale ambapo mawili yangetosha.

Rekodi ya uvumilivu ina maana kubwa zaidi kwa Mkiwa. Mwaka 1999 Dan Kegel aliwatupia wahandisi changamoto: seva moja ishike wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Ugumu ulikuwa wapi? Seva nyingi za wakati ule zilimtengea kila mteja mchakato wake, na mchakato huo ulibaki umeshikwa mpaka mteja apokee baiti ya mwisho. Mwenye mtandao mzuri anamaliza mara moja na kuondoka. Mwenye mawimbi hafifu anaushikilia kwa sekunde nyingi, na wakijaa mia kadhaa wa aina yake, seva imefungwa kwa kila mtu, huku kichakato chake kikiwa hakina kazi. Nginx ya Igor Sysoev, iliyotolewa 2004, ilibadili mpango huo: michakato michache inazungukia maelfu ya miunganisho, kila mmoja ukiguswa pale tu unapokuwa tayari. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp walitangaza miunganisho milioni 2 kwenye seva moja, kwa lugha ya Erlang, na mwaka 2015 kiunzi cha Phoenix kikafika idadi hiyohiyo. Rekodi hizi zinamfikia mzazi wetu moja kwa moja, maana zinamzuia mwenye mtandao dhaifu asiwe mzigo kwa wenzake.

Mruko mkubwa nampa PHP 7, ya Desemba 2015. Kwa programu nyingi ilikaribia kuongeza kasi maradufu dhidi ya toleo la 5.6, bila wenye tovuti kuandika upya mifumo yao.

Kwa mauzo, hakuna anayeikaribia Alibaba: oda 583,000 kwa sekunde moja kwenye msimu wa mauzo wa Novemba 2020. Aibu kubwa ni ya HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani. Siku ya kwanza, Oktoba 1, 2013, ilifanikiwa kuandikisha watu sita.

Umbali nao una rekodi zake. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda Ujerumani na kurudi, karibu kilomita 14,000, haiwezi kupungua milisekunde 70, hata seva iwe bingwa kiasi gani. Mwaka 2015 Safaricom iliihamisha M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya, na safari hiyo ndefu ikakatwa.

Zawadi yangu ya kwanza, hata hivyo, naipeleka kwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne huletwa kama kurasa zilizokwisha andaliwa, kila shule na faili lake: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za masomo, ndani ya jedwali la kawaida. Seva haipiki chochote mteja akifika. Inafanya kama mama lishe aliyepakua chakula kabla basi halijaingia. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania na Kenya, hufuata njia inayofanana. Unaendeshwa kwa Java juu ya Tomcat na hifadhidata ya PostgreSQL, na kwa kawaida majedwali ya uchambuzi hujumlishwa usiku, ili asubuhi mganga wa wilaya apate ripoti bila kusubiri mamilioni ya rekodi zihesabiwe upya.

Ndugu msanifu wa mifumo, kabla ya kuzindua, pima ukurasa unaosoma hifadhidata halisi, kwa simu ya bei nafuu, mtandao ukiwa hafifu. Usitangaze wastani, kwa sababu wastani huwaficha waliochelewa. Tangaza muda aliosubiri mtu wa 99 katika kila watu 100, ukiwapanga kuanzia aliyehudumiwa upesi. Ukizidi sekunde tatu, rudi kwenye hifadhidata kabla hujaomba fedha za seva mpya.