Kijana akipelekwa soba hausi, nini hufuata?

Simu inaita kijijini. Anayepiga ni ndugu aliyeko Buguruni, Dar es Salaam: "Mwanenu ameingia kwenye unga." Familia inayopokea habari hiyo mara nyingi hupewa ushauri mmoja: mpelekeni soba hausi. Kabla ya kukusanya fedha, ni vizuri kujua nyumba hizo zinafanya nini na haziwezi nini.

Soba hausi ni nini?

Ni nyumba ya kupata nafuu. Kijana hukaa humo miezi kadhaa, mbali na maskani, pamoja na wenzake wanaotaka kuacha. Wasimamizi wengi waliwahi kutumia dawa za kulevya wao wenyewe. Nyumba hizi zipo Dar es Salaam, Bagamoyo, Zanzibar na kwingineko.

Baadhi zinaendeshwa na watu wa dini. Hata zisizo za dini, nyingi hufuata Hatua 12, utaratibu ulioanzia Marekani miaka ya 1930 kwa walevi wa pombe. Mtu hukiri kwamba ameshindwa kwa nguvu zake, humtegemea Mungu kadiri anavyomfahamu, kisha huwataja aliowakosea na kutengeneza alipoharibu. Ndiyo maana Mkristo na Mwislamu wanaweza kukaa nyumba moja.

Imani inasaidia wapi?

Siku ya teja huongozwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa. Anaamka, anatafuta hela, ananunua kete, anatumia, anaanza upya. Nyumba humpa ratiba nyingine: ibada ya alfajiri, usafi, kikao, kupika, ibada ya jioni. Pia humpa njia ya kurudi kwa mama aliyemwibia simu. Kuomba msamaha kunakuwa sehemu ya kupona.

Isipotosha ni wapi?

Arosto ni ugonjwa wa mwili. Kwa heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kijana hutapika, huharisha na kuumwa mwili mzima, hivyo anahitaji maji na uangalizi. Kwa mlevi wa pombe kali ni hatari zaidi: akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali.

Ipo pia methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, inayotolewa bure. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Sasa ipo pia Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kuinywa si upungufu wa imani.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo familia nyingi hupumzika mapema. Baada ya miezi bila heroini, mwili umeisahau. Kijana akirudia kiasi kilekile alichozoea zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo pangeni mapema: atalala wapi, atafanya kazi gani, nani atamsikiliza usiku akizidiwa na hamu. Kumrudisha maskani ya zamani ni kumrudisha kwenye moto. Akiteleza, msimfukuze. Mrudisheni kwenye matibabu haraka.

Uliza kabla ya kumwacha

- Nyumba imesajiliwa?
- Mhudumu wa afya anafika?
- Mzazi anaruhusiwa kumtembelea mwanawe na kuzungumza naye peke yake?
- Ada ni kiasi gani kwa mwezi, na inajumuisha nini?
- Yeye mwenyewe amekubali kwenda?

Ukiona minyororo au viboko, ondoka naye. Ukisikia kwamba dawa za Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu au ugonjwa wa akili ziachwe kwa sababu maombi yanatosha, ondoka pia. Dua na kidonge havigombani.

Kwa ushauri, piga bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Anayepiga simu kumtafutia mgonjwa matibabu hajamshtaki mtu. Anamtafutia mwanawe njia ya kurudi nyumbani.